Mkanda wa kumpigia mtoto muziki tumboni: ninunue?

Dada, umeuliza kama ule mkanda wenye spika unaofungwa tumboni una madhara, na kama kweli utamwongezea mtoto akili. Kwa hilo la akili, bora ubaki na pesa yako. Ushahidi wa kuaminika hakuna. Utafiti maarufu wa mwaka 1993 kuhusu kusikiliza muziki wa Mozart, mtunzi wa zamani wa Ulaya, ambao wauzaji hawachoki kuutaja, ulifanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu, na athari yenyewe ya muziki kwa akili zao ilidumu kama dakika 15 tu. Mimba haikuhusika kabisa!

Ni kweli mtoto husikia, hasa miezi mitatu ya mwisho. Ila huko ndani hakuna ukimya: kuna mapigo ya moyo wako, damu inayopita, tumbo linalonguruma. Na sauti yako humfikia vizuri kuliko ya mtu mwingine, kwa kuwa hupitia mwilini mwako pia. Watoto wa siku chache tu huonyesha kuitambua sauti ya mama, bila mkanda wowote.

Wasiwasi wangu ni sauti kubwa ya muda mrefu. Spika iliyobanwa kwenye ngozi si sawa na redio iliyo mezani, na mtoto hawezi kusogea mbali nayo. Kama umeshanunua, weka sauti ya chini, kwa muda mfupi, na usilale nao. Halafu akipunguza kucheza, usikae kumwamsha kwa muziki ukisubiri: nenda kliniki siku hiyohiyo.