Mtoto analia usiku kucha, mimi na baba yake hatuongei

Shikamoo shangazi. Niko Igoma hapa Mwanza, mtoto wetu wa kwanza ana wiki 7, ikifika saa mbili usiku anaanza kulia mpaka saa sita, anakunja miguu tumboni, ukimpa ziwa analiacha analia tena. Mume wangu anauza dagaa Mwaloni Kirumba, anaamka saa kumi alfajiri, basi kahamia kulala sebuleni. Juzi kaniambia sijui kulea, na mimi nikamjibu vibaya sana, tangu hapo tunaongelea nepi na hela ya mboga tu. Mama mkwe anasema ni chango, anataka kuleta dawa ya mizizi. Ndo ndoa inaisha hivi?

Marahaba mwanangu. Haiishi, mmechoka. Kama kliniki kadi inaonyesha kilo zinapanda, kilio cha hivi huwa kinapamba moto karibu wiki ya 6, baada ya hapo kinapungua taratibu na wengi wanatulia wakifika miezi 3 au 4. Hakuna aliyekosea kulea, msomee mumeo hapa. Mizizi hapana, miezi 6 ya mwanzo ni maziwa yako tu, ila hilo mama mkwe aambiwe na mwanae mwenyewe, ukisema wewe mkwe litageuka ugomvi mwingine.

Sasa huyo baba arudi chumbani. Saa mbili mpaka saa nne mtoto ni wake, ambebe atembee nae uani, wewe lala kabisa akuamshe kunyonyesha tu, halafu saa nne yeye alale mpaka alfajiri. Masaa mawili unaona madogo lakini mama aliyelala kidogo hajibu watu vibaya, nimeliona hili kwa mabinti wengi.

Na yeyote akihisi hasira zinampanda amlaze mtoto chali pahala salama atoke nje dakika 10, kulia hakumdhuru, ila kumtikisa kunaweza kumvujisha damu kwenye ubongo akafa, naomba sana hapo. Joto likifika 38, akitapika kijani au akigoma kabisa kunyonya, hospitali usiku huohuo. Na wewe ukiona huzuni imepita wiki 2 haiondoki, waambie kliniki, unatibika.

Jumapili mwachieni bibi mtoto hata lisaa limoja, mshuke ziwani mkale sato, nyie wawili tu. Muombe radhi kwa lile jibu, nadhani na yeye anatafuta pa kuanzia.