Ajira na mradi wa uzamili wa mipangomiji

Mdogo wangu, umeuliza kama uzamili wa mipangomiji una ajira nje ya halmashauri, na mradi uufanyie wapi hapa Dodoma.

Ajira zipo. Kampuni binafsi hupata tenda za urasimishaji makazi, yaani kupima na kumilikisha maeneo yaliyojengwa bila mpango, na miradi ya barabara na reli inahitaji watu wanaojua mambo ya ardhi na fidia. Usajili wa bodi ya wataalamu wa mipangomiji uanze kuufuatilia mapema.

Mradi ndio wa kuumizia kichwa. Mji wa Serikali Mtumba una wataalamu wa kutosha, tafadhali uache. Nenda Chang'ombe na futi kamba, upime vichochoro: bajaji inapita? Gari la zimamoto je? Rudi Januari mvua ikinyesha uone maji yanaingia nyumba zipi. Kaa pia na wenye viwanja waliomilikishwa na CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ustawishaji wa Dodoma, kabla haijavunjwa 2017, uwaulize mipaka yao. Mipango mingi inakwamia hapo. Chora ramani mwenyewe kwa QGIS, programu ya kompyuta ya kuchorea ramani, ni ya bure, na mwenyekiti wa mtaa mwachie nakala. Kwenye usaili ramani hiyo itakubeba kuliko GPA.