Tasnifu bila chembe mpya: niongeze mwaka?

Mdogo wangu, umesema umetafuta chembe mpya kwenye data za ATLAS, kigunduzi cha chembe pale CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, hukuona kitu, na sasa unawaza kuongeza mwaka usubiri data zaidi. Usiongeze. Ukipata data mara mbili, kosa la takwimu linapungua kwa kipeuo cha pili cha mbili tu, yaani kama asilimia 30. Na kama kinachokubana ni makosa ya kimfumo (yanayotokana na vifaa na mbinu, si uchache wa data), tuseme upimaji wa nishati za jeti, yaani mafungu ya chembe zinazoruka pamoja, hata hiyo huenda usiipate.

Kutoona kitu nako ni tokeo. Kabla chembe ya Higgs haijapatikana mwaka 2012 kwenye GeV 125 hivi (GeV hapa ni kipimo cha uzito wa chembe), watu wa LEP, kigonganishi cha zamani cha CERN, walikuwa wameshaonyesha haiwezi kuwa chini ya GeV 114. Eneo lote lile likafutwa, LHC, kigonganishi kilichofuata, ikatafuta juu yake.

Muda wako upeleke kwenye sura ya makosa ya kimfumo. Mtahini akikuta asilimia 4 mbele ya neno "usuli", yaani matukio ya kawaida yanayofanana na unachokitafuta, atauliza imetoka wapi: umelinganisha programu mbili za uigaji, au umeipima kwenye eneo la udhibiti, yaani sehemu ya data isiyotarajiwa kuwa na chembe mpya? Mjibu palepale chini ya jedwali. Utangulizi uache mwisho; hakuna anayefelishwa kwa utangulizi.

Halafu, ukishafungua data zilizofichwa (zile usizoziangalia hadi uchambuzi ukamilike), usiguse tena vigezo vya uchujaji, hata uombwe "kidogo tu". Na wiki hii hii muulize msimamizi michoro yako itaidhinishwa lini na kundi la ATLAS, maana foleni hiyo huchelewesha watu kuliko kuandika kwenyewe.