"Run" si kukimbia tu: somo nililolilipia kwa shati la mtu

Mwaka wangu wa kwanza mapokezi, kwenye hoteli moja ya Mji Mkongwe, Unguja, alinijia bibi mmoja wa Kiingereza ameshika kanga ya kisutu aliyoinunua Darajani asubuhi ile ile. Nyekundu inayowaka, haijaguswa na maji, bado ina gundi ya dukani. Alikuwa ameikunja pamoja na shati jeupe la mumewe, vyote anataka vifuliwe. Akaniuliza: "Will this run?"

Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, na darasani "run" ni kukimbia, basi. Nikadhani anaogopa wezi. Nikamtolea tabasamu la kazini nikamwambia hapana mama, haiendi popote, hapa kwetu pana usalama. Alinitazama kidogo, akacheka, akaenda zake. Nikafunga mfuko, nikaupeleka kwa dobi.

Kijana wa dobi aliumwaga mfuko wote kwenye mashine bila kuangalia. Jioni mzee dobi mwenyewe akanipandia juu na lile shati limekuwa rangi ya waridi, kola imeiva kuliko mgongo.

"Mwanangu, mtoto wa Unguja wewe, hujui kisutu kipya kinachuja?"

"Najua, mzee."

"Sasa mgeni hukumwambia?"

Hapo ndipo nilipoelewa alichoniuliza yule bibi. Alitaka kujua kama kanga itachuja! Pesa ya shati ilikatwa kwenye mshahara wangu, nami tangu siku hiyo nina ugomvi na neno hili ambao sijaumaliza.

Baadaye nilijua kuwa siko peke yangu. Kwenye kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, "run" kikiwa kitenzi tu kina maana 645. Mhariri aliyekishughulikia, Peter Gilliver, alitumia miezi tisa, muda wa kubeba mimba na kuzaa. Kabla yake, katika toleo la 1989, neno lililoongoza kwa urefu lilikuwa "set". Kwa hiyo ukiona neno la herufi tatu linakutoa jasho, usijione mjinga.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuacha kuingilia mlango wa "kukimbia". Mlango huo ni mwembamba. Ingia kwa "kwenda", kisha umfuate mtoto wake, "kuendesha". Mwenye duka anaendesha biashara: "runs a shop". Programu inaendeshwa kwenye kompyuta, redio inaendeshwa kwa betri, na pote huko Mwingereza anasema "run". Basi la saa mbili linalokwenda kila siku nalo "runs" kila siku, hata likiwa limekwama kwenye foleni. Mlango wa pili ni kutiririka. Mto, bomba lililoachwa wazi, kamasi za mtoto mwenye mafua, rangi ya kanga ikikutana na maji: vyote hivyo "run". Ukimsikia mgeni anasema "run me a bath", anataka umfungulie maji ya kuoga yajae kwenye beseni lile kubwa. Hakuna wa kukimbizwa.

Milango hiyo miwili ikifunguka, sehemu kubwa ya nyumba utaiona. Vichochoro vinabaki, na vichochoro vyenyewe ni vile vineno vidogo vinavyofuata nyuma. Hapa ndipo watu wanapoumia. "Run into" mtu ni kukutana naye bila kutarajia, ingawa gari likifanya hivyo kwa ukuta limeugonga. "Run over" mtu ni kumkanyaga na gari. Mwenzangu mmoja alitaka kumwambia mgeni kwamba amekutana na dereva wake Forodhani, akachanganya, akasema "I ran over your driver". Mgeni alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Run out of" ndiyo rahisi kuliko zote kwetu, kwa sababu Kiswahili kinafanya vile vile: tumeishiwa maziwa, maziwa yameisha. Mwingereza naye anaweza kuanza na mtu au kuanza na maziwa yenyewe, na kote ni "run out". "Run late" ni kuchelewa, hata kama umekaa kitako kwenye daladala. Ugonjwa au kipaji kikiwa cha ukoo, "it runs in the family".

Kuna moja inayonifurahisha kila msimu wa uchaguzi. Mmarekani akitaka urais "runs" for president. Mwingereza akitaka ubunge "stands" for Parliament. Mmoja anakimbia, mwenzake kasimama, na sisi tunagombea. Ukichunguza, naona neno letu ndilo linalosema ukweli.

Sasa unajifunzaje? Mimi nina daftari, na sharti lake ni moja: neno haliingii peke yake. Sikuandika "run = kukimbia, kuendesha, kuchuja". Orodha kama hiyo inapendeza kwenye karatasi na inakukimbia mdomoni. Niliandika sentensi nzima niliyoisikia, nani alisema, na kilichotokea. "Will this run?", bibi wa kisutu, shati. Sitaisahau mpaka kaburini. Na pembeni niliandika Kiswahili cha jambo lile, si cha neno lile. Fikiria mgeni anayejifunza Kiswahili akaambiwa "piga" ni kutumia fimbo, kisha akusikie umepiga pasi, umepiga mswaki, umepiga simu na jioni umepiga picha na mama mkwe. Atakuita polisi. Wewe hukuwahi kukariri maana za "piga". Uliipokea pamoja na pasi yake na simu yake.

Kingine, uliza. Niliogopa kuuliza kwa sababu mtu wa mapokezi anatakiwa ajue Kiingereza. "Run how, madam?" kingekuwa Kiingereza kibovu, lakini shati lingebaki jeupe.

Juzi nimekaa mapokezi na kijana mgeni wa kazi, ana cheti kizuri kuliko changu. Mzee mmoja wa Kizungu akashuka ngazi polepole, uso umesawajika, akasema, "I've had the runs all night." Kijana akanyoosha mgongo: "Very good, sir! Exercise is very good."

Nikamwahi. Nikamkalisha mzee, nikamwagizia maji, nikamwambia daktari anaweza kuitwa. Alipopanda tena chumbani kijana akaninong'oneza, "Kaka, kwani amefanya nini?"

"Anaendesha."

"Anaendesha nini?"

"Tumbo, mdogo wangu."

Akajishika mdomo. Nikampa paketi mbili za ORS apeleke juu, mbio.