Acha kuongeza FFT, kwanza pima nukta

Wiki hii umeingia ujumbe kutoka Kigamboni: "Kaka, nimeweka FFT kubwa kuliko zote, laptopu imekesha siku tatu kwenye 137 kHz, na picha yote ni ukungu. Programu ni mbovu au antena?" Programu ni nzima, na huenda antena nayo haina kosa. Kilichomponza ni hiyo FFT (hesabu inayogawa sauti ya redio katika vipande vya masafa ili ionekane kama picha) kubwa kuliko zote, na si yeye peke yake.

Kati ya 135.7 na 137.8 kHz, masafa tuliyopewa wapenzi wa redio kwenye mkutano wa 2007 wa ITU (shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano), nguvu inayoruhusiwa kutoka kwenye antena ni wati 1 tu. Ndiyo maana Morse ya huko hupigwa polepole mno. Mtindo huo huitwa QRSS, na namba yake ni sekunde za nukta: kwenye QRSS3 nukta moja huchukua sekunde 3, kwenye QRSS10 sekunde 10, kwenye QRSS60 dakika nzima. Huwezi kuisikia kwa sikio. Unaisoma kwenye picha, na picha hiyo inategemea hesabu moja: gawa idadi ya sampuli za FFT kwa kasi ya sampuli, upate urefu wa dirisha kwa sekunde. Geuza jibu hilo (1 gawa kwa urefu wa dirisha), upate upana wa kila kipande cha masafa kwa Hz.

Chukua kasi ya sampuli 11025 kwa sekunde na FFT ya sampuli 32768. Dirisha ni sekunde 2.97, kipande ni 0.336 Hz. Hiyo ni saizi ya QRSS3, nukta inakaa ndani ya dirisha karibu sawasawa. Sasa panda hadi 262144 kama mwenzetu. Dirisha linakuwa sekunde 23.8, karibu nukta nane za QRSS3 kwa mkupuo. Programu haiwezi tena kutenganisha nukta, mstari (mlio mrefu wa Morse) na nafasi ya kimya kati yake, inazichanganya zote kuwa utepe mmoja hafifu. Dirisha lisizidi urefu wa nukta. Hapo ndipo penye kosa la wengi.

Kwa QRSS60, usikimbilie FFT ya mamilioni. Acha kadi ya sauti kwenye 48000, kisha ndani ya programu (Spectrum Lab inalifanya hili vizuri) punguza sampuli mara 64 ubaki na 750 kwa sekunde, huku ukiweka kitovu kwenye mlio unaoutaka. FFT ileile ya 32768 sasa inakupa dirisha la sekunde 43.7 na kipande cha 0.023 Hz. Ukilinganisha na ile ya QRSS3, kelele ndani ya kila kipande zimeshuka kwa takriban desibeli 11.7, bila kugusa antena. Ukiongeza mara mbili hadi 65536 dirisha linafika sekunde 87, yaani umeshapita nukta. Rudi.

Aina ya dirisha: Hann, linalofifisha sampuli za mwanzo na za mwisho. Inapanua kipande halisi mara 1.5, lakini lile dirisha la mstatili linamwaga nguvu ya stesheni kubwa pembeni na kufunika ndogo. Wastani wa mistari uzime kabisa, unafaa kwa mlio usiokatika, si kwa Morse. Picha isogee walau mistari minne kwa kila nukta: QRSS3 mstari kila sekunde 0.75, QRSS60 kila sekunde 15. Kwa sekunde 15, skrini ya mistari 1000 inabeba saa nne na dakika kumi, kwa hiyo hifadhi picha kiotomatiki ukalale.

Ukishafika kwenye vipande vya 0.023 Hz, tatizo linahamia kwenye redio yenyewe. Kosa la sehemu moja kwa milioni kwenye 137 kHz ni 0.137 Hz, vipande sita. Kosa lililotulia halina shida, unasogeza kitovu basi. Linaloua ni kuyumba. Kiyoyozi kikiwaka na kuzima kila dakika chache, stesheni nyoofu inakuwa wimbi, na feni inayopuliza moja kwa moja kwenye redio inafanya vilevile. Washa redio saa nzima kabla, ifunike kwenye boksi, na kama mfuko unaruhusu tumia osileta (chanzo cha masafa ya redio) inayoongozwa na GPS. Bila utulivu huo, ishia QRSS10.

Kabla ya hayo yote, zima AGC (inayopandisha na kushusha nguvu ya sauti ya redio yenyewe). Radi moja ya mbali ikipiga, AGC inashusha kila kitu na nukta inatoboka katikati. Zima pia "maboresho" ya sauti ya Windows. Kama unapitisha sauti toka programu moja kwenda nyingine kwa kebo ya kufikirika ndani ya kompyuta, pande zote mbili ziwe 48000, maana zikitofautiana sampuli hudondoka na mlio mwembamba unapanuka bila sababu ya kuonekana. Kisha chomoa antena. Kelele zisiposhuka walau desibeli 10, unaangalia kelele za kadi yako, si za angani.

Radi za kwetu wakati wa masika na vuli ni balaa. Kizuia mishindo kiwekwe kabla ya kupunguza sampuli, na chujio la redio liwe pana, 2.4 kHz au zaidi. Mshindo wa radi ni mfupi sana, lakini ukishapita kwenye chujio jembamba unarefuka, na hapo hakuna cha kuukata.

Halafu chaja na taa za LED. Umeme wetu ni wa Hz 50, kwa hiyo virekebishi vyake (vinavyogeuza umeme wa AC kuwa DC) vya bei rahisi hutoa mistari kila Hz 100. Ule wa karibu na 137 kHz ni wa 1370 kuhesabu kutoka chini: umeme ukisogea Hz 0.05 tu, mstari huo unasogea Hz 137. Mstari unaopinda kama nyoka si stesheni, ni chaja ya jirani.

Rangi za picha ziweke upana wa desibeli 25 kuanzia kidogo chini ya usawa wa kelele. Ukiacha upana wa desibeli 100, ishara dhaifu haitatofautiana na usuli.

Mwenzetu wa Kigamboni asianze na QRSS60. Atafute kwanza DCF39, stesheni ya Ujerumani kwenye 138.83 kHz, kutoka Burg karibu na Magdeburg, umbali wa kama kilomita 7000. Kipupwe hapa ni kikavu na radi ni chache, lakini mawimbi haya hufika mbali zaidi gizani, na Juni giza la Ujerumani linaingia karibu saa nne na nusu usiku wetu, kwa hiyo muda wa maana ni kuanzia hapo hadi alfajiri. Ikionekana, ahamie WSPR (mfumo wa kidijitali wa ishara dhaifu): weka redio kwenye 136.0 kHz, USB (ukanda wa juu, si ile ya kompyuta), milio iko kati ya Hz 1400 na 1600, na kasi ya 12000 kwa FFT ya 8192 inatosha. QRSS3 baada ya hapo.

Na akituma picha aandike muda kwa UTC (saa ya kimataifa). Saa sita usiku ya Dar ni 21:00 UTC, si 06:00.