Kutoka jedwali hadi pointi kwenye ramani: kwa wanaoanza kazi Dodoma

Ukikabidhiwa jedwali la visima vya Chamwino au Kongwa na kuambiwa "tuwekee kwenye ramani", kubofya kwenyewe ni kazi ya dakika mbili. Kinachokula muda ni kujua namba zilizomo ni za mfumo gani. Kwa hiyo usianze na QGIS, programu ya kuchora ramani. Anza na jedwali.

Tazama safuwima za koordineti. Ukiona namba kama -6.17 na 35.74, hizo ni nyuzi za desimali. Mkoa wa Dodoma uko takriban kati ya longitudo 35 na 37, latitudo -4 na -7, hivyo namba iliyo mbali na hapo ina kasoro, au kisima si cha mkoa huu. Ukiona 803000 na 9317000, hizo ni mita za UTM, mfumo unaogawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita ndani ya kila kanda. Ukiona 6°10'23"S, badilisha kwanza: gawa dakika kwa 60, sekunde kwa 3600, jumlisha na nyuzi, kisha weka alama ya kutoa kwa sababu tuko kusini mwa ikweta. Jibu ni -6.17306.

Excel ndiyo inayoharibu kazi za wengi, tena kimyakimya. Ukihifadhi CSV (faili la maandishi ambalo safuwima zake hutenganishwa kwa mkato), inaandika namba kama zinavyoonekana kwenye seli, si kama zilivyo ndani. Seli ikionyesha desimali mbili, faili litabaki na -6.17 tu. Desimali mbili ni hatua ya zaidi ya kilomita moja, na visima vya kijiji kizima vitarundikana sehemu moja. Ongeza desimali hadi tano au sita kabla ya kuhifadhi. Tano zinakupa usahihi wa mita moja hivi, na kifaa cha kawaida cha GPS cha mkononi hakiufikii usahihi huo. Ondoa pia mikato ya maelfu, vichwa vya habari vilivyounganishwa seli, na ile mistari ya "Jumla" chini ya jedwali. Mstari wa kwanza uwe majina ya safuwima tu, mafupi, bila nafasi: kijiji, kata, lon, lat.

Sasa fungua "Data Source Manager", nenda "Delimited Text", au bonyeza Ctrl+Shift+T. Chagua faili, kisha shuka taratibu hadi chini ya dirisha kwenye sampuli ya data. Watu hawaitazami, ilhali kila kitu kinaonekana pale. Data yote ikikaa kwenye safuwima moja, kitenganishi si mkato. Mafaili yanayotoka kwenye programu za kukusanya taarifa kwa simu mara nyingi hutumia nukta-mkato, basi chagua kitenganishi hicho mwenyewe. Kama desimali zimeandikwa kwa mkato, 35,74, kuna kisanduku chake cha kuweka tiki. Na kama namba za vituo au za simu zinaanza na sifuri, ondoa tiki kwenye utambuzi wa aina za data, la sivyo 0712 itageuka 712.

Kwenye "X field" weka longitudo, kwenye "Y field" latitudo. Mazoea ya kutamka "latitudo na longitudo" ndiyo yanayowapotosha wengi hapa. Kosa lenyewe lina anwani yake: ukizigeuza, kisima cha Dodoma mjini kinaangukia baharini, magharibi kidogo ya Tangier, Moroko. Ukisahau alama ya kutoa, kinaenda kusini-magharibi mwa Ethiopia. Kikikaa kwenye Ghuba ya Guinea, mahali pa 0,0, basi kifaa kiliandika sifuri badala ya kuacha wazi. Ukizizoea anwani hizi, ukitazama ramani mara moja unajua pa kurekebisha.

Mfumo wa koordineti ndio penye mtego wa Dodoma hasa. Nyuzi za desimali kutoka kwenye GPS ni EPSG:4326, hakuna mjadala (EPSG ni orodha inayoupa kila mfumo namba yake). Mita ndizo zenye shida, kwa sababu mpaka wa kanda za UTM 36 na 37 ni longitudo 36, na mstari huo unapita karibu kilomita 30 tu mashariki mwa katikati ya jiji. Bahi iko kanda ya 36, EPSG:32736. Miji ya Kongwa na Mpwapwa iko kanda ya 37, EPSG:32737. Wilaya ya Chamwino imegawanyika. Namba ya mashariki yenyewe inakudokeza: karibu na mpaka, upande wa kanda ya 36 utaona laki nane na ushei, upande wa 37, laki moja na sitini elfu kwenda juu, na Kongwa ni kama 214000. Ukiipakia Kongwa kwa kanda ya 36, visima vyote vinahamia nyuzi sita magharibi, mkoani Katavi.

Jedwali likichanganya kanda mbili, ligawe mafaili mawili, pakia kila moja kwa mfumo wake, kisha yaunganishe kwa "Merge Vector Layers" ukichagua 4326. Usijaribu kutibu kwa "Set Layer CRS". Hiyo inabadilisha lebo tu, haihamishi namba.

Pointi zikiwa zimesogea takriban mita 300 kaskazini au kusini, si kanda. Hapo mtu alisoma koordineti kwenye ramani ya zamani ya 1:50,000, au GPS yake iliwekwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa koordineti wa Afrika Mashariki. Tumia EPSG:21036 au 21037. Kosa hili ni baya kuliko lile la Moroko maana halionekani ukiwa umetazama mkoa mzima. Weka picha ya satelaiti chini, sogea karibu na visima vitatu vinne unavyovifahamu, uone kama vinakaa panapostahili.

Leya uliyopata, yaani tabaka la pointi kwenye ramani, bado inasoma CSV. Huwezi kuihariri, na faili likihamishwa inapotea. Bofya kulia, "Export", "Save Features As", chagua GeoPackage, aina ya faili la ramani. Shapefile, aina ya zamani zaidi, itafanya kazi pia, lakini inakata majina ya safuwima kwenye herufi kumi, kwa hiyo "hali_ya_maji" na "hali_ya_mashine" yote yatakuwa "hali_ya_ma" na programu italazimika kuyabadilisha jina moja wapo.