Usikaze, legeza

SWALI: Najifunza kufungua kufuli bila ufunguo. Kufuli ni langu, lina pini 5, vile vijiti vidogo vya ndani vinavyoizuia silinda (sehemu inayozungushwa na ufunguo) isizunguke. Ndoana ya kusukumia pini nimeichonga kwa bledi ya msumeno wa chuma, na kikazio cha kugeuzia silinda nimekipinda kwa waya. Kila pini ninayoigusa ni ngumu, silinda haizunguki, na ndoana imeanza kupinda. Nikaze zaidi au nitafute chuma kigumu zaidi?

JIBU: Legeza. Wanaouliza swali hili karibu wote wana mkono mzito, na karibu wote wanakilaumu chuma.

Matundu ya pini hayakutobolewa kwenye mstari ulionyooka kabisa. Hakuna kiwanda kinachoweza. Kwa hiyo silinda ikikazwa kidogo, pini moja hubanwa na zilizobaki huchezacheza juu ya springi zake. Tafuta hiyo iliyobanwa, isukume polepole hadi isikike "tik" na silinda isogee kidogo sana. Hapo inabanwa nyingine, na si lazima iwe ya jirani. Ukikaza kwa nguvu, zinabanwa tatu au nne kwa pamoja na huwezi tena kujua ipi ni ipi. Nguvu inayotakiwa ni ya kidole kinachofunua ukurasa wa kitabu, haizidi hapo.

Pini uliyoipandisha kupita kiasi haitashuka ukiendelea kukaza. Achia kikazio kabisa, usikie pini zikidondoka, kisha anza upya. Silinda ikizunguka kidogo halafu ikagoma, huenda kuna pini zenye kiuno, yaani nyembamba katikati ili zimdanganye anayefungua bila ufunguo: sukuma pini huku ukiiruhusu silinda irudi nyuma kidogo. Wenye haraka hukaza hapohapo, na mchezo unaishia hapo.

Sasa ndoana. Itazame ncha: ikiwa na rangi ya buluu, iliungua kwenye jiwe la kunolea na chuma kimelainika. Kata sehemu hiyo, uchonge tena ukiichovya kwenye maji kila baada ya sekunde mbili tatu. Lainisha kingo kwa msasa namba 400, kisha 1000, kwani makwaruzo hukwama kwenye pini na kukudanganya kidole. Waya wa kikazio utupe; unajipinda wenyewe kabla silinda haijahisi chochote. Ukanda wa chuma ulio ndani ya mpira wa waipa ya gari unafaa zaidi.

Na hao wanaouza funguo za kugonga na bastola za kufungulia kufuli "kwa sekunde tano" wanakuuzia kelele. Vinazipiga pini, vinaziumiza, na kidole chako hakijifunzi lolote. Kibaya zaidi, wanunuzi huvijaribu kwenye kitasa cha mlango wanaoutegemea, pini ikakwama, ufunguo halali ukagoma usiku. Kitasa kinachotumika hakifanyiwi mazoezi, hata kama ni chako. Cha mtu mwingine usikiguse bila ruhusa yake, na ujue sheria ya unakoishi kabla ya kutembea na vifaa hivi mfukoni.

Kama kufuli lako linafumuliwa, toa pini 3 na springi zake, uanze na 2.